Kaunsela wa shule ametuita: kazi yake hasa ni nini?

Kutoka: mama wa Lexington, Kentucky, Marekani

Ndugu zangu, habari za siku nyingi. Kijana wangu ameingia darasa la 9 mwaka huu. Jana kaunsela wa shule ametuandikia barua pepe, anataka kuonana na sisi wazazi wiki ijayo. Mtoto anaapa hana kosa. Baba yake anasema kwetu mzazi akiitwa shuleni ni ada au nidhamu, na ada hapa hatulipi. Jirani naye katutia hofu: eti ukimweleza kaunsela mambo ya nyumbani, watoto wanachukuliwa. Naombeni mnieleze, huyu ni mwalimu, ni daktari, au ni mtu wa serikali? Kijana amesema atatutafsiria mwenyewe. Inafaa?

Kutoka: dada wa Columbus, Ohio

Mama, pole kwa hofu. Kazi yangu ni ukalimani kwa wazazi shuleni, kwa hiyo vikao hivi navijua.

Nianze na swali lako la mwisho: kijana asitafsiri. Shule inayopokea pesa za serikali kuu inabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 iwasiliane na mzazi kwa lugha anayoielewa, bila malipo. Jibu barua pepe ile leo, useme mnahitaji mkalimani wa Kiswahili. Kama Kiswahili chenu ni cha Kongo, taja hilo pia, maana wakalimani wengi wa kwenye simu ni wa Kenya au Tanzania na maneno mengine hupishana. Mtoto akitafsiri mambo yake mwenyewe, yale ya aibu hayafiki kwenu, na hapo mmeonana bure.

Kaunsela ni mwajiriwa wa shule mwenye shahada ya uzamili kwa kawaida, na leseni ya jimbo. Si daktari, na si yule mwanasaikolojia wa shule anayempima mtoto mwenye shida ya kujifunza. Anashughulika na masomo, mipango ya baada ya shule, na hali ya kihisia ya mtoto. Chama chao cha kitaifa kinapendekeza kaunsela mmoja kwa wanafunzi 250, lakini wastani wa nchi umezidi 370. Kwa hiyo mtoto mtulivu asiyesumbua mtu anaweza kumaliza mwaka bila kaunsela kumjua kwa sura. Mzazi ndiye wa kubisha hodi.

Kuitwa darasa la 9 mara nyingi ni kwa ajili ya mpango wa masomo wa miaka minne ya sekondari, darasa la 9 hadi la 12, na hiki ndicho kikao ningekuomba usikikose hata kama itabidi ubadilishane zamu kazini. Alama zinazokwenda chuoni zinaanza kuhesabiwa darasa la 9. Kwa kawaida hapa mtoto hachaguliwi mchepuo kama kwetu, bali anajikusanyia krediti, yaani pointi za kumaliza shule, somo kwa somo. Hisabati ndiyo inayowaponza wengi: akianza aljebra darasa la 9, kisha jiometri, kisha aljebra ya pili, kalkulasi haimfikii kirahisi kabla ya kumaliza. Kama anaota uhandisi au udaktari, sema sasa, si darasa la 11.

Waliotoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma hupangiwa masomo ya Kiingereza kwa wageni. Uliza waziwazi: masomo haya yanahesabika kwenye krediti za diploma (cheti cha kumaliza sekondari), au yanakula saa tu? Beba ripoti zote za shule za huko, hata zilizochakaa, ili zikaguliwe kama zinaweza kumpa krediti. Na uliza kuhusu nishani ya lugha mbili (Seal of Biliteracy). Mtoto anayesoma na kuandika Kiswahili au Kifaransa vizuri anaweza kuipata, na pengine krediti za lugha juu yake.

Kutoka: kaka wa Phoenix, Arizona

Naongezea la jirani, maana linawazuia wazazi wengi kwenda.

Kila jimbo lina sheria inayomlazimu kaunsela, kama mwalimu yeyote, kutoa taarifa akiwa na shaka ya msingi kwamba mtoto anadhulumiwa au ametelekezwa. Hahitaji ushahidi, na hana hiari ya kunyamaza. Lakini hamchukui mtoto yeye. Idara ya ulinzi wa watoto ndiyo inayochunguza, na taarifa nyingi haziishii kwa mtoto kuondolewa nyumbani. Wazazi wenzangu, tuliolelewa kwa fimbo tujue hili bila kuzungukana: alama kwenye mwili wa mtoto itaripotiwa. Mambo ya kodi ya nyumba, zamu za usiku au msiba wa nyumbani msiyafiche. Hayo ndiyo yanayomsaidia kaunsela kutafuta chakula, nguo za baridi au mtu wa kuzungumza na mtoto. Kuhusu hati za uhamiaji, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1982 kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu hiyo.

Kijana anaweza kumwambia kaunsela mambo ambayo nanyi hamtaambiwa. Inauma, naelewa, lakini siri hiyo ina mpaka: mtoto akitaka kujidhuru au kumdhuru mwingine, kaunsela lazima achukue hatua. Watoto waliobeba mambo ya vita hawatoshelezwi na mazungumzo mafupi ya shuleni, na kaunsela kwa kawaida atawapa jina la mtaalamu wa nje. Msilikatae kwa kuona haya. Usiku au wikendi, tangu Julai 2022 kuna namba ya simu 988 kwa aliyelemewa na mawazo au anayefikiria kujiua.

Kutoka: mama wa Minneapolis, Minnesota

Binti yangu alishauriwa achukue kozi fupi ya cheti wakati alama zake zilikuwa nzuri. Nikaomba kikao, nikauliza kwa utulivu: alama gani inamzuia kuingia masomo ya kiwango cha chuo? Hapakuwa na jibu, akaandikishwa. Kozi ya cheti ni njia halali kabisa kwa anayeitaka. Wasimpangie tu kwa kuangalia lafudhi.

Darasa la 12 kaunsela huyo ndiye anayetuma rekodi za alama chuoni, na mara nyingi huandika barua ya kumpendekeza mtoto. Akiwa hamjui, ataandika nini? Muulizeni pia msamaha wa ada za maombi ya chuo na FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu wa kulipia chuo. Wakimbizi na waliopewa hifadhi wanaruhusiwa kuijaza kama raia.

Kutoka: mama wa Lexington

Mungu awabariki. Nimeshaandika, wamenijibu mkalimani atakuwepo. Swali moja tu: mtoto wa marehemu dada yangu amefika mwezi jana, ana miaka 18. Bado anaweza kuingia sekondari?

Kutoka: dada wa Columbus

Majimbo mengi yanapokea vijana mpaka miaka 20 au 21, kwa hiyo mpeleke wiki hii, usisubiri muhula mpya. Wakikwambia aende shule ya watu wazima, omba jibu hilo kwa maandishi. Na kwa kuwa ametimiza 18, haki juu ya rekodi zake za shule ni zake sasa. Aende mwenyewe na wewe, atie sahihi kwamba shule iruhusiwe kuzungumza nawe.