Wenye fowili mpya, njia ya Mloka mtakuja kuua mtu. Mimi nimeshapoteza kioo

Wakuu, salaam. Wanaonijua humu wanajua kulalama si kawaida yangu, ila leo mnivumilie, nikinyamaza nitapasuka.

Mkonga wangu, yaani Land Cruiser yangu, una nailoni mlango wa nyuma badala ya kioo. Nailoni ile ya kufunikia kitalu, nimeizungushia selotepu ya kahawia, na nikifika spidi sitini inapiga kelele kama tiara. Wiki ya pili hii. Kisa ni bwana mmoja aliyenunua fowili, yaani gari ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, Prado, mwezi wa pili, na Pasaka ilipofika akaona ameshakuwa dereva wa porini.

Kwa wasioijua njia yenyewe: Dar hadi Kibiti ni lami, unateleza tu. Ukikata kulia kuelekea Mkongo na Mloka, lami inakuaga. Watu wa Dar wanaipenda kwa sababu ndiyo inayowafikisha geti la Mtemere, Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na kiangazi hata gari ndogo zinafika. Masika ni habari nyingine kabisa. Kambi nyingi kule hufunga mwezi wa nne na wa tano, na hawafungi kwa kupenda likizo. Kuna vipande vya udongo mweusi, ule wa mbuga. Ukinyeshewa unavimba, unanata, unajaza nafasi zote za vimeno vya tairi, na lile tairi lako la bei mbaya linabaki laini kama upara. Wenyeji wanajua dawa yake ni kusubiri tu. Mvua ikikata, jua likawaka saa tatu nne, panapitika. Mimi napeleka mizigo huko mwaka wa kumi na tatu huu, na bado kuna siku nazima injini nakaa chini ya mwembe na wauza mihogo.

Huyu bwana hakuwa na habari ya mwembe.

Nimemkuta saa saba mchana. Prado nyeupe, imetoka njiani kidogo, imelalia tumbo. Taa za mwanga mkali juu ya keria, stika ubavuni, matairi bado yana vinywele vya kiwandani. Ndani mke, watoto wawili wanalia, na spika inapiga muziki. Nikauliza koleo la kuchimbia. Hana. Kamba? Hana. Pampu ya upepo? Ananiangalia kama nimemuuliza kuhusu ndege. Ila kwenye buti kuna jiko la nyama choma na kontena la barafu lenye ukubwa wa jeneza la mtoto.

Ananiambia, "Kaka, afadhali umekuja, fowili imekufa."

Haikufa. Nilichungulia nikaona gurudumu moja la mbele linazunguka kama feni na mengine matatu yametulia. Prado ya aina ile inavuta kwa magurudumu manne muda wote, lakini katikati kuna difu inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, na difu ikiachwa wazi nguvu inakimbilia kwenye gurudumu lenye kazi nyepesi, yaani lile linaloelea kwenye tope. Kuna kitufe cha kuifunga hiyo difu ya katikati. Kipo mbele yake, kina kamchoro ka magurudumu manne na alama ya msalaba katikati. Miezi miwili anakitazama kila asubuhi akienda kazini. "Nilidhani hiyo ya taa." Wakuu, nilicheka, na sasa najuta kucheka.

Nikamwambia tuchimbe kwanza. Gari ikilalia tumbo unaondoa udongo chini na mbele ya kila gurudumu, unatandika matawi, unapunguza upepo, ndiyo unavuta. Ukivuta bila kuchimba unavuta gari pamoja na shamba. Akasema watoto wameshachoka, "wewe vuta tu braza, gari yako ina nguvu". Nikatoa kamba nikampa aishike, nikaenda kugeuza gari. Na hapa niseme ukweli, na mimi nina kosa langu: nilirudi, nikaona imeshafungwa, sikuinama kuangalia imefungwa wapi.

Aliifunga kwenye ile pete ya chuma chini ya bampa ya mbele. Sijui ni wangapi humu wanalijua hili, kwa hiyo nalisema kwa sauti: pete ile imewekwa kwa ajili ya kufungia gari isitembee ndani ya meli ikitoka Japani. Inashikilia gari iliyotulia. Haikutengenezwa kunasua tani mbili na zaidi zilizonaswa kwenye tope. Sehemu ya kuvutia ni ndoano nene iliyofungwa kwenye chesesi kwa bolti kubwa mbili, na kama gari yako haina, unaweka kabla ya kutafuta stika. Na msidhani kile kipira cha kuvutia trela ni salama zaidi. Kipira kikikatika ni risasi, kimeshaua watu Australia na kwingineko.

Kamba yangu ni ya nailoni, ile inayovutika. Inasaidia sana kwa sababu haikati ghafla kama cheni, lakini ikishavutika imebeba nguvu kama manati. Nikasogea taratibu, kamba ikakaza, nikasikia mtu nyuma anapiga kelele "ongeza! ongeza!" Halafu paa.

Sikuona kitu. Nilisikia kioo kikimwagika, na pumzi ya kitu kikipita. Pete ilikatika, ikaruka na kamba, ikaingia kwa kioo cha mlango wa nyuma na kutua kwenye trei za mayai za duka la shemeji pale Mloka. Trei sita zimekwenda. Dogo ninayetembea naye alikuwa ameketi kwenye benchi la pembeni, mkono wake haukufika futi mbili kutoka pale. Alikaa na ute wa yai shavuni, hasemi, anaangalia tu kipande cha chuma kikiwa kimejikunja kati ya maganda. Nilichomoa ile pete mwenyewe. Ilikuwa bado na rangi nyeupe ya gari ya mwenyewe.

Sasa sikilizeni. Bwana yule alipokuja hakuuliza kama kuna mtu ameumia. Alisema, "Mzee umenivunjia gari."

Akataka laki na nusu ya bampa!

Vijana wa kijijini wakaja na majembe, wakachimba nusu saa, wakatandika matawi ya mikorosho, akafunga difu kama nilivyomwelekeza, gari ikatoka yenyewe bila kuvutwa na mtu. Nusu saa. Na bado akawapunguzia vijana hela waliyopatana, eti walitumia muda mfupi. Kioo changu akasema "tutawasiliana". Simu haipokelewi.

Basi, kwa vile wanunuzi wapya wanazidi kuongezeka humu na kila siku kuna uzi wa "nimechukua chuma, naomba baraka", baraka zangu ni hizi.

Kwanza, jua umenunua nini. Kuna watu wa yadi wanaouza RAV4 na Harrier kwa maneno ya "hii fowili kamili, inapita popote". Gari nzuri hizo, sina ugomvi nazo, kwenye vumbi na utelezi mdogo zinasaidia. Lakini hazina gia ya chini, ziko karibu na ardhi, na mfumo wake ukizungushwa mchangani muda mrefu unapata moto, na wa baadhi yake unajizima. Hailaksi na mkonga ni jambo jingine: zinatembea kwa magurudumu ya nyuma mpaka uamue wewe: H2 ni magurudumu mawili, H4 ni manne, L4 ni manne kwa gia ya chini. Na mkonga wa zamani una loki za mkono kwenye magurudumu ya mbele, unashuka, unazungusha kutoka FREE kwenda LOCK kwa vidole vyako. Nimeshakuta mtu ameingiza H4 asubuhi yote, loki ziko FREE, analaumu fundi.

Kinyume chake ni jirani yangu. Aliingiza H4 Kibaha kwa sababu ya manyunyu, akaisahau mpaka Morogoro. Kwenye kona gari inajikaza, stelingi nzito, anasikia kitu kinagugumia chini. Gari za namna hiyo hazina difu ya katikati. Kwenye kona magurudumu ya mbele yanatembea umbali tofauti na ya nyuma, na kwenye lami kavu hayana pa kuteleza, kwa hiyo mkazo wote unakwenda kwenye gia boksi ya fowili na shafti. Bili yake sitaitaja, mkewe anasoma humu.

L4 nayo watu wanaiogopa kama mirathi. Simama, weka gia huru, ingiza. Inaongeza nguvu kama mara mbili na nusu, gari inatambaa bila wewe kukanyaga sana. Kushuka mlima wenye utelezi ndiyo mwokozi wako: gia ya kwanza, miguu mbali na klachi, iache injini ishike gari. Ukikanyaga breki hadi magurudumu yakafunga, hapo stelingi ni pambo.

Upepo. Hapa ndipo nagombana na kila mtu. Ninyi wa Kigamboni mnaoingia ufukweni na upepo wa lami, psi 35, halafu mnanasa mita ishirini kutoka majini na bahari inajaa. Shusha hadi 18 kwenye mchanga. Tairi linalala, linakuwa refu kama unyayo wa ngamia, gari inapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Kwenye tope la mbuga mimi nakaa 22 hadi 25. Ukirudi lami, jaza kabla hujaongeza mwendo, tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa linapata moto na kupasuka. Pampu ya umeme wa gari na geji vinatoshea chini ya kiti, na bei yake ni ndogo kuliko zile taa zenu za keria.

Ukihisi gari inazama, ondoa mguu. Acha kabisa. Kila sekunde unayozungusha matairi unachimba kaburi, na tumbo likishagusa chini umekwisha. Rudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe, pale pameshashindiliwa.

Maji: shuka, ingia kwa mguu na fimbo, pima. Isipokuwa Rufiji na mikono yake, kule kuna mamba na viboko, usiingie kwa mguu wala kwa gari, geuza. Toyota wenyewe wanasema sentimita 70 kwa Prado, na hayo ni maji yaliyotulia. Yanayokimbia, hata ya magotini yanakusogeza. Na ule mkonga wenyewe, bomba la plastiki pembeni mwa kioo, hauifanyi gari kuwa ngalawa, kazi yake kubwa ni kuvuta hewa isiyo na vumbi. Injini ikivuta maji, maji hayashindiliki, kitu kinachopinda ni mkono wa pistoni. Ikizima majini usijaribu kuiwasha, ivutwe nje kwanza. Ukifika nyumbani fungua oili ya difu. Ukiona imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, imwage siku hiyo hiyo.

Halafu nyie mnaoingia hifadhini na kuacha njia ili mpate picha nzuri ya simba: ni marufuku, utapigwa faini, na mwendo usizidi 50. Alama za matairi kwenye udongo ule zinakaa miaka.

Kuhusu kuvuta, nimeshasema, ila kwa waliorukia chini kusoma: fungia kwenye chesesi, tumia shekeli (kile chuma cha kuunganishia kamba) iliyoandikwa uzito inaobeba, tupia koti zito au blanketi katikati ya kamba, na watu wote wakae mbali, umbali wa kamba na nusu yake. Watoto hasa. Mwenye kuvuta ndiye anayetoa ishara, hakuna kupiga kelele za "ongeza".

NYONGEZA: Wanaoniuliza PM kama namtaja mtu, hapana, simtaji na namba ya gari siweki. Anajijua. Na wale mnaosema "na wewe kwa nini ulivuta bila kukagua", mna haki, nimeshakiri hapo juu, sitajibu tena.

Sasa shida yangu iliyobaki. Natafuta kioo cha mlango wa nyuma, Land Cruiser mkonga wa injini ya 1HZ, ule mrefu wenye milango miwili nyuma, upande wa kushoto. Ilala wamenitajia bei ya kununulia mbuzi wawili. Mwenye nacho cha kuvua kwenye gari bovu aniambie, nafuata popote, hata Tanga. Na kama kuna anayejua ute wa yai unatokaje kwenye kitambaa cha siti baada ya wiki mbili za joto la Mbagala, tafadhali asinyamaze, dogo amekataa kupanda.