MREJESHO: Mashemeji waliotaka kunitoa nyumbani, Ujiji

Wapendwa, niliwaomba ushauri baada ya mume wangu kufariki: mashemeji wananitaka nihame, usiku wanagonga geti na kutukana. Niliwauliza Mungu yuko wapi.

Dada mmoja aliniambia nisome Esta, kitabu cha Biblia ambacho jina la Mungu halitajwi hata mara moja. Sura ya 6 ilinishika. Hamani, mkubwa wa mfalme, ameshasimamisha mti wa urefu wa mikono 50 amtundike Mordekai, Myahudi anayemchukia, na usiku huohuo mfalme anakosa usingizi, anasomewa kumbukumbu za zamani, wema wa Mordekai uliosahaulika, alipomwokoa mfalme asiuawe, unatokea humo. Kukosa usingizi tu! Hakuna malaika wala radi.

Mlionishauri niombe nisiende popote, mnisamehe, nilienda kwa mwenyekiti wa mtaa. Akaita kikao cha familia. Kumbe baba mkwe, mzee asiye na maneno mengi, alikuwa ametunza nakala ya karatasi ya mauziano ya nyumba yenye majina yetu wawili, mimi na marehemu mume wangu. Aliitoa mbele ya wanawe. Sikujua hata kama ipo.

Geti haligongwi tena. Mirathi bado iko Mahakama ya Mwanzo. Aliyepitia huko aniambie niende na nini.