Mjadala: Mtaalamu naye alipwe saa za ziada, au mshahara wake umeshamaliza yote?

Wadau, fundi wa kiwandani akizidisha muda, saa zake huhesabiwa. Mhasibu, mwanasheria au mtaalamu wa programu akikesha kazini anaambiwa mshahara umejumuisha kila kitu. Mimi nasema si haki, zake nazo zihesabiwe.

Ubaguzi huu ni wa zamani. Mkataba Na. 1 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa 1919, uliweka kikomo cha saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani, ila ukawaacha nje wasimamizi na mameneja. Meneja wa aina hiyo alikuwa bosi kweli, akijipangia muda wake. Siku hizi mtu anapewa cheo cha "meneja wa mradi" ilhali hana hata mmoja aliye chini yake, wala hawezi kukataa ujumbe wa saa nne usiku. Umeneja wake wote ni kunyimwa malipo ya ziada.

Na mwili hauangalii cheo. WHO na ILO walikadiria mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulichangia vifo 745,000 vya kiharusi na magonjwa ya moyo mwaka 2016. Halafu mtu akichoka kabisa anapelekwa semina ya kupunguza msongo, akirudi anakuta mzigo uleule mezani!

Wapo wanaosema mtaalamu hulipwa kwa matokeo, na kwamba kuhesabu saa ni kumzawadia mzembe. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini anayepanga ukubwa wa kazi ni nani? Ni mwajiri. Maadamu saa za ziada hazimgharimu chochote, ataajiri mtu wa pili kwa sababu gani?

Kinachoniuma zaidi ni tofauti ndani ya timu moja. Mwenye ajira ya kudumu anathubutu kusema "hapana, kesho." Mwenzake wa mkataba wa miezi mitatu, kazi ileile, anabeba zamu za sikukuu na kunyamaza, maana anasubiri kuongezewa mkataba.

Nisaidieni hapa: saa zihesabiweje bila kuwekewa programu za kumpeleleza mfanyakazi kila anapobonyeza kitufe? Na huyo wa mkataba mfupi akikataa kazi ya usiku, nani atamtetea?