Kitovu wiki ya 3: kigaga, majimaji meupe, nizungushe kipini?

Swali
Wadau, kitovu kimetobolewa kwa sindano wiki 3 zilizopita, ukingo wa juu. Asubuhi kipini kina kigaga cha njano hafifu na yanatoka majimaji meupe kidogo. Homa hakuna. Maelekezo niliyopewa ni spiriti mara 3 kwa siku na kukizungusha kisigande. Sasa ngozi imekauka na inawasha. Niendelee? Na pete naweza kuweka lini?

Jibu 1
Spiriti acha leo hii, pamoja na haidrojeni peroksaidi. Zinaunguza ngozi changa inayojaribu kuota ndani ya tundu. Kuzungusha nako uache: kigaga kikavu kinaburutwa ndani na kuchana upya palipoanza kufunga. Hayo majimaji ni ya kawaida, ndiyo yanayokauka kuwa kigaga.

Nunua duka la dawa maji ya chumvi tasa ya kuoshea vidonda, asilimia 0.9. Ya kuchanganya nyumbani karibu kila mara huzidi chumvi, na ndio ukavu huo tena. Nawa mikono kwa sabuni, lowesha juu na chini, ngoja kigaga kilainike, futa kwa shashi. Pamba usitumie, nyuzi zake hunasa chini ya gololi, yaani vile vijipira vya ncha za kipini. Kisha kausha vizuri, maana kitovu ni shimo na unyevu hutuama humo. Mara 2 kwa siku yatosha.

Jibu 2
Pete bado sana. Kitovu huchukua miezi 6 hadi 12, na nje hupona kabla ya ndani, hapo ndipo wengi hujidanganya. Pete huzunguka na kuvuta tundu. Uliza pia kipini ni cha nini: titani ya kupandikizwa mwilini ni salama, vya bei ya kutupa mara nyingi vina nikeli, na nikeli huwasha. Unene wa kawaida ni milimita 1.6, urefu 10 hivi. Gololi zikianza kuzama kwenye ngozi, ni kifupi. Mtoboaji akubadilishie kirefu.

Swali
Asanteni. Nikikaa, gololi ya chini inasukumwa juu. Ni shida?

Jibu 3
Inaweza kuwa. Kuna vitovu vinavyojikunja mtu akikaa, na gololi kubwa ya chini hukosa pa kwenda. Vitovu hivyo huwekewa kipini chenye kisahani bapa chini badala ya gololi. Onyesha mtoboaji mwingine ukiwa umekaa, si umesimama tu. Suruali ya kiuno cha juu na mkanda weka kando, usilale kifudifudi, bwawa na bahari visubiri.

Kila wiki tazama ngozi iliyo juu ya kijiti cha kipini. Ikizidi kuwa nyembamba, au chuma kikaanza kuonekana kupitia ngozi, mwili unakisukuma nje. Kitolewe mapema, kovu litakuwa dogo. Ila ukiona usaha mzito wenye harufu, joto, wekundu unaosambaa au homa, nenda kwa daktari kipini kikiwa ndani. Ukikichomoa mwenyewe tundu hujifunga na usaha hubaki humo.