MREJESHO: Ile ofa ya kuchora ramani kwa laki sita

Wakuu, niliuliza kama nichukue laki sita mkononi, bila mkataba, kuchora ramani kwenye ofisi ya wasanifu majengo hapa Dar. Wengi mlisema nidai mkataba kwanza. Nimedai, bosi kanuna kidogo, kisha kakubali.

Mshahara ghafi ni 750,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inakula 75,000 (bosi naye anaweka 75,000 yake), kodi ya mshahara (PAYE) 51,000, nabaki na 624,000. Ukiangalia mfukoni ni kama ileile, ila sasa kuna laki na nusu inayoingia NSSF kila mwezi, na likizo ya siku 28 yenye malipo. Hapo ndipo faida ilipo.

Ovataimu nayo imeandikwa, mara moja na nusu ya malipo ya kawaida, kama sheria inavyosema. Aliyewahi kukesha akirekebisha michoro ya kibali cha ujenzi kwa sababu mteja kaongeza choo dakika za mwisho atanielewa.

Bima ya afya eti hadi nimalize kipindi cha majaribio. Tunachovutania bado ni kompyuta: anataka nitumie laptop yangu, na hiyo ukifungua Revit, programu ya kuchorea majengo, inachemka kama birika. Nimemwambia anunue ya ofisi, anasema "tutaangalia".