Eunos Roadster ya 1991: hewa ya baridi ya injini niipatie wapi?

Roadster_Tegeta

Habari za leo wakuu. Nina Eunos Roadster ya 1991, ile ya 1.6 yenye taa za kuchomoza, ambayo Ulaya iliuzwa kwa jina la Mazda MX-5. Gari ni zima: haimwagi oili, kompresheni iko sawa, plagi mpya.

Shida yangu ni mchana. Asubuhi nikitoka Tegeta jua halijapanda, linavuta raha tupu. Saa nane nikichomoka kwenye foleni ya Mwenge nakanyaga, linaguna kama limebeba kifusi. Nikishatembea kidogo linarudi kwenye hali yake.

Nimechukua kipimajoto cha friji, kile chenye waya, ncha yake nikaipenyeza kwenye mdomo wa boksi la eya klina, yaani boksi la kichujio cha hewa ya injini. Barabara ikiwa nyeupe kinasoma 37 au 38. Kwenye foleni kinapanda mpaka 60. Fundi wangu anasema nitupe boksi, nifunge kichujio cha koni chekundu na bomba la alumini linalong'aa, na bei niliyotajiwa inatoa jasho. Je, inasaidia kweli? Kama haisaidii, nifanye nini? Turbo sitaki, tafadhali msinishauri turbo.

MzeeWaKabureta

Mdogo wangu, umepima kabla ya kununua. Wengi humu huwa wananunua kwanza, ndipo wanakuja kuuliza.

Fungua boneti uangalie vitu vilivyokaa. Upande wa abiria ndiko iliko manifoldi ya eksozi, yale mabomba ya moto yanayotoa moshi kwenye injini. Boksi la eya klina nalo liko upande huo huo, mbele kidogo. Throtoli, ule mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, iko upande wa dereva, ndiyo maana Mazda walilazimika kulikatiza lile bomba la plastiki mbele ya injini, juu ya rejeta. Sasa fundi wako anataka kuondoa boksi lenye kuta na kuacha koni uchi pale pale. Itavuta nini zaidi ya moto wa manifoldi? Kelele utaipata, tena tamu, na mtu anayenunua kelele simlaumu. Ila asiniambie kanunua pawa.

Na hilo bomba la alumini sahau. Plastiki hupokea joto polepole, alumini inalipokea mara moja. Kuling'arisha ni kwa ajili ya picha.

Hesabu yenyewe fupi. Uzito wa hewa kwenye ujazo uleule hupungua joto likipanda, na joto hilo lazima uliongezee 273 kwanza. Nyuzi 60 zinakuwa 333, nyuzi 35 zinakuwa 308. Tofauti ni kama asilimia 8. Injini yako ikiwa mpya Japani iliandikwa farasi 120, kwa hiyo hapo ni farasi tisa na ushee. Lakini hizo unazipoteza foleni tu. Ukishatembea, boksi linapoa lenyewe, umesema mwenyewe 38, na hewa ya nje ya Dar saa nane si chini sana ya hapo. Ukitaka gari liongeze mbio barabara ya Bagamoyo, hakuna bomba litakalokupa. Ukitaka lisigune ukitoka Mwenge, hapo tunaweza kuongea.

Kwanza lala chini uangalie kama ile plastiki kubwa chini ya bampa bado ipo. Magari mengi haya yamefika bila hiyo, au mafundi waliivua wakati wa kumwaga oili wakaiacha kwenye kona ya gereji. Bila hiyo, hewa iliyokwisha kupita kwenye rejeta inazunguka chini na kurudi mbele, na feni inavuta moto uleule. Hapo hata temperecha ya injini inapanda, achilia mbali ya boksi. Itafute au uchongeshe.

Pili, boksi libaki. Lipe tu hewa ya nje. Nyuma ya taa ya upande wa abiria kuna nafasi. Pitisha bomba la kunyumbulika kutoka hapo mpaka kwenye mdomo wa boksi, kisha weka bati kati ya boksi na manifoldi. Kama kile kinga joto cha manifoldi kimetolewa, kirudishe. Kazi nzima haifiki bei ya koni.

Chuga_1.6

Mzee shikamoo. Huku Arusha tuko karibu mita 1,400, hewa yetu tayari ni nyepesi kwa kama asilimia 13 ukilinganisha na pwani, kwa hiyo nyie wa Dar mnalia na asilimia 8 mbele ya wafiwa 😂. Swali langu: mimi niliambiwa kinachobana kwenye 1.6 ni ile mita ya hewa yenye kimlango, wala si boksi. Kweli?

MzeeWaKabureta

Marahaba. Kweli kabisa, na ndiyo maana koni haifiki mbali. Hewa yote inayoingia lazima isukume kile kimlango cha springi. Hata uweke kichujio kipana namna gani, mlango ni uleule. Kuuondoa ni habari ya kubadilisha kompyuta ya injini, na mtoa mada hajauliza hilo.

Ila kuna jambo la maana zaidi kwa gari la umri huu. Ndani ya mita ile kuna swichi ya pampu ya mafuta: kimlango kisipofunguka, pampu inazima. Na ile hozi ya mpira baada ya mita huwa inapasuka kwenye mikunjo, chini, usikokuona. Ikipasuka, injini inavuta hewa ambayo haikupimwa, mafuta yanakuwa machache kuliko hewa, gari linaguna. Ikamue kwa mkono, ipinde, angalia kila mkunjo. Kuna watu wamefunga mabomba ya bei mbaya mbele ya hozi iliyochanika.

Nyongeza: taimingi, yaani wakati plagi inapopiga cheche. Kiwandani ni digrii 10. Unaunganisha matundu yaliyoandikwa TEN na GND kwenye kile kiboksi cha majaribio, injini ikiwa ya moto na inanguruma bila kukanyagwa, unamulika kwa tochi ya taimingi, unazungusha sensa iliyo nyuma ya kichwa cha injini. Wengi huenda 14, na utaisikia kwenye mguu kuliko kichujio chochote. Lakini injini hii haina sensa ya kusikiliza ikigonga. Ukisikia inagonga ukikanyaga kwenye mlima, rudisha nyuma siku hiyo hiyo, usisubiri kesho.

BintiWaGerezani

Kaka Tegeta, nachonga mabati, hizi kazi napata. Bomba tafuta la inchi 3, lile jeusi lenye waya ndani. Lile la karatasi ya alumini la kutolea moshi jikoni linachanika kwa mtikisiko, usidanganywe na bei. Bati tumia alumini ya milimita moja, ukingo wake uvishwe mpira wa mlango usije ukakata waya za taa.

Halafu hakuna aliyetaja maji. Mdomo wa bomba usishuke kwenye bampa! Masika ikianza, Jangwani ikijaa, gari lako liko chini kuliko bajaji. Likinywa maji mara moja tu, konroda, vile vyuma vinavyoshika pistoni, zinapinda. Magari ya Safari Rally yalikuwa yanafungwa snokeli juu ya boneti kwa ajili ya mito na vumbi, na wale walikuwa na mafundi wanaowafuata. Weka mdomo nyuma ya taa, juu, utazame pembeni, na toboa kitundu chini ya boksi maji yachuruzike.

Kichujio baki na cha karatasi. Vile vya pamba vya kupaka mafuta ukizidisha mafuta vinaweza kuchafua mita, na vumbi la njia za ndani huko Tegeta unalijua.

Roadster_Tegeta

Asanteni sana. Nimelala chini ya gari sasa hivi: ile plastiki haipo, zimebaki boliti mbili tu. Hozi ina ufa kwenye mkunjo wa pili, bado haujatoboka ila hauko mbali. Naanza na hivyo viwili, kisha napima tena foleni ya Mwenge kabla ya kugusa bomba. Taimingi nitaiacha mpaka nipate mtu mwenye tochi.

Dada Binti, plastiki ya chini unaweza kuchonga kwa alumini? Jumapili mnafungua?

BintiWaGerezani

Naweza. Jumapili kuanzia saa nne. Njoo na gari, usije na picha za simu, na hizo boliti mbili usizitoe.

Chuga_1.6

Ukishapima tupe namba, hata mimi plastiki yangu siikumbuki.