Mrejesho: Apleti ya Java ya swichi ya zamani imefunguka, kasoro grafu

Wakuu, salaam. Nilileta suala la swichi ya mtandao ya ofisini ambayo ukurasa wake wa usimamizi ni apleti ya Java (programu ndogo inayoendeshwa ndani ya kivinjari): kwenye Chrome na Firefox mpya panatokea sehemu tupu tu. Shukrani kwa wote mliochangia.

Aliyesema nisihangaike na vivinjari vya sasa alisema kweli. Chrome iling'oa uwezo wa kuendesha apleti kwenye toleo la 45, mwaka 2015, na Firefox ikafuata kwenye la 52, mwaka 2017, isipokuwa tawi lake la ESR (lenye usaidizi wa muda mrefu). Hiyo Firefox 52 ESR ndiyo niliyoweka, pamoja na Java 8, ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu ndani ya kompyuta halisi) ya Windows 7.

Kushusha usalama wa Java hadi ngazi ya kati hakuwezekani, ngazi hiyo iliondolewa tangu toleo la Java 8u20. Kuongeza anwani ya swichi kwenye orodha ya tovuti zinazoruhusiwa kulisaidia nusu. Kikwazo kikubwa kilikuwa saini ya kidijitali: faili la JAR (kifurushi cha apleti) limesainiwa kwa MD5, mbinu ya zamani iliyo dhaifu, na tangu 8u131 Java inalihesabu kama halina saini. Nilifungua faili la java.security, nikafuta MD5 kwenye mstari wa jdk.jar.disabledAlgorithms, nikawasha kivinjari upya. Ikafunguka!

Grafu za trafiki zimegoma mpaka leo, kwa hiyo takwimu hizo nazisoma kwa SNMP (itifaki ya kufuatilia vifaa vya mtandao). Mashine pepe yenyewe nimeifungia kwenye VLAN (mtandao uliotengwa) ya usimamizi, bila intaneti, maana kwa ulegezaji huu singethubutu kuiachia nje.